Kuponi Ilizaliwa Duka la Dawa: Nani Hulipia Punguzo Lako?

Mtu akikutumia picha ya risiti kutoka duka la CVS kule Marekani, unaweza kudhani anakutania. Kanunua dawa ya meno na pipi, vitu viwili tu, lakini karatasi inaanzia kifuani na kufika magotini. Juu kuna hesabu ya alichonunua. Chini yake ni kuponi juu ya kuponi: punguzo la dola mbili kwenye shampuu, punguzo la vitamini, na "pesa" za kutumia humo humo dukani kabla ya tarehe fulani. Wamarekani wamelifanyia utani jambo hili miaka mingi. Wapo pia wanaolichukulia kama kazi. Wana folda za kuponi, wanajua wiki gani nepi zinashuka bei, na kabatini wana dawa ya meno ya kumaliza miaka miwili.

Swali letu leo ni la kihistoria, tena la kimbea kidogo: hizo dola mbili zinatoka mfukoni mwa nani? Maana duka la dawa halitoi sadaka.

Kwanza tuelewane kuhusu duka lenyewe. Duka la dawa la Kimarekani si famasi kama tuliyoizoea, yenye kaunta, rafu na mfamasia. Ni duka kubwa linalouza sabuni, vipodozi, chipsi, soda na kadi za sikukuu. Dawa za cheti cha daktari ziko kule nyuma kabisa, kwa hiyo ukizifuata unapita kwenye vishawishi vyote kwanza. Mchanganyiko huu ni wa zamani. Katika karne ya 19 famasi nyingi za huko zilikuwa na kaunta ya vinywaji, ambapo mfamasia alichanganya maji ya gesi na sharubati, na watu walikunywa wakiamini ni tiba.

Ndipo tunapokutana na John Pemberton, mfamasia wa Atlanta. Mei 1886 sharubati yake mpya ilianza kuuzwa katika famasi ya Jacobs kwa senti 5 glasi. Ndiyo, ni Coca-Cola. Pemberton alifariki 1888, na mfanyabiashara mwingine wa dawa, Asa Candler, akawa ananunua haki za kinywaji kile kidogo kidogo, mpaka kufikia 1891 zote zikawa mikononi mwake kwa jumla ya takriban dola 2,300. Biashara ikaja na jambo dogo ambalo tunaishi nalo mpaka leo: tiketi ya karatasi inayosema aliyeishika apewe glasi moja bure. Tiketi zikatumwa kwa posta, zikagawiwa mitaani, zikawekwa ndani ya magazeti. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 zilinywewa glasi milioni 8.5 za bure. Zidisha kwa senti 5, unapata dola 425,000 kwa bei ya dukani. Enzi hizo, si mchezo.

Sasa angalia akili iliyomo. Mteja kapata kinywaji bure. Mwenye famasi hakupoteza kitu, kwa sababu kampuni ilimfidia, na zaidi ya hapo alipata watu wapya mlangoni wakiuliza kitu ambacho labda hakuwa nacho, hivyo akalazimika kukiagiza. Kampuni imelipa, lakini ilichonunua ni ulimi wa mtu mmoja uliojifunza ladha mpya. Wa kwanza kulipia punguzo, basi, ni mtengenezaji, na analipia mazoea yako ya kesho.

Muundo huo haujabadilika. Kuponi ya mtengenezaji unayompa keshia leo husafiri kurudi kwa kampuni iliyoitoa, na duka hurudishiwa thamani yake pamoja na nyongeza ya usumbufu, ambayo kwa kawaida ni senti 8. Kuponi ya duka ni kitu kingine, hiyo duka hulipa lenyewe. Ndiyo maana wawindaji wa bei huko Marekani hushikilia sana tofauti hii. Mara nyingi unaruhusiwa kutumia zote mbili kwa chupa moja ya shampuu, kwa sababu zinalipwa na mifuko miwili. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya mchezo.

Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu. Mteja akinunua anapewa stempu kadiri ya alichotumia, anazilamba, anazibandika kwenye kijitabu, na kijitabu kikijaa anabadilisha kwa birika au taa. Huyu ndiye babu wa kadi za pointi. Wafanyabiashara wasiotoa stempu walilalamika kwa wabunge wao, na baadhi ya majimbo yakatunga sheria kwamba karatasi ya namna hiyo lazima iweze kubadilishwa kwa fedha taslimu. Kampuni zikatii kwa ujanja. Mpaka leo kwenye kuponi za Marekani utaona maandishi madogo yanayosema thamani yake taslimu ni 1/100 ya senti. Yaani upeleke kuponi 10,000 upewe dola moja. Sheria imetimizwa, na hakuna anayepeleka.

Kwa nini watu wasishushe bei tu, badala ya stempu na karatasi? Kwenye maduka ya dawa jibu lilikuwa kwamba kwa muda mrefu haikuruhusiwa. Wenye famasi ndogo waliogopa maduka makubwa yaliyouza dawa ya meno kwa hasara ili kuvuta watu, na chama chao cha wauza dawa wa rejareja kilikuwa mstari wa mbele kudai sheria ya bei maalumu. California ilianza 1931. Mwaka 1937 bunge la taifa likapitisha sheria ya Miller-Tydings, iliyoyapa majimbo nafasi ya kuwaruhusu watengenezaji kupanga bei ya chini kabisa ambayo muuzaji hawezi kuishuka. Hapo stempu zikageuka suala la mahakamani. Ukimuuzia mtu mswaki kwa bei iliyopangwa halafu ukampa stempu, umeshusha bei au hujashusha? Mahakama za California na New York zilitoa majibu yanayopingana. Sheria hizo za bei zilikuja kufutwa na bunge mwaka 1975.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kinahusu dawa za cheti, kwa sababu huko haikuwa bei tu iliyofungwa. Hata kuitaja bei hadharani kulifungwa. Katika jimbo la Virginia mfamasia aliyetangaza bei ya dawa ya cheti alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi, na angeweza kunyang'anywa leseni. Hoja ilikuwa ya heshima: ushindani wa bei utamfanya mfamasia alipue kazi, na mgonjwa ndiye ataumia. Watumiaji wa dawa waliokuwa na magonjwa ya kila siku wakaenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Takwimu zilizowekwa mezani zinashangaza. Katika mji wa Richmond vidonge 40 vya Achromycin viliuzwa dola 2.59 duka moja na dola 6.00 duka jingine. Eneo la Newport News na Hampton bei ya tetracycline ilianzia dola 1.20 ikafika dola 9.00. Ni dawa ile ile, watu wa eneo moja, na anayelipa dola 9 hana njia ya kujua kwamba mtaa wa pili ni dola 1.20, labda azunguke duka kwa duka akiwa mgonjwa.

Mei 1976 mahakama ilifuta katazo hilo. Majaji walisema, kwa maneno yetu, kwamba mgonjwa maskini na mzee ndiye anayeumia zaidi bei ikifichwa, na kwamba serikali haina haki ya kumlinda mtu kwa kumwacha gizani. Jaji mmoja tu ndiye aliyepinga. Kabla ya hapo, kwa mgonjwa wa Virginia, elimu yote ya kubana matumizi ingekuwa kazi bure.

Wakati huo huo kitu kingine kilikuwa kinakua. Juni 1974, katika duka moja la Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa kwenye mwanga na mashine ikasoma mistari yake myeusi. Mashine sasa ilijua *nini* kimeuzwa. Ilibaki kujua *nani* kanunua, na kadi ndiyo iliyokuja kujibu. Boots, mtandao mkubwa wa maduka ya dawa Uingereza, ulitoa kadi yake ya pointi mwaka 1997. CVS ilianza yake, ExtraCare, mwaka 2001. Kuponi ya Candler haikujua jina lako. Kadi inalijua, na inakumbuka.

Tuseme dawa ya meno ni dola 4. Una kuponi ya mtengenezaji ya dola 1, unalipa dola 3. Chini ya risiti unapewa karatasi ya dola 3 ya kutumia dukani. Umepata dawa ya meno bure? Ndiyo, kama utarudi kabla karatasi haijaisha muda, na kama utakachonunua safari hiyo ulikuwa unakihitaji. Stadi hasa ni kuitumia karatasi hiyo kununua kingine kinachotoa karatasi nyingine, na kuendelea hivyo. Inawezekana, na wapo wanaofanya. Ila duka linajua wengi wetu hatuko hivyo. Tunarudi kwa ajili ya dola 3, tunatoka tumetumia 20.

Wanasaikolojia wana maelezo. Miaka ya 1930 Clark Hull aliona panya wanaongeza kasi wanapokaribia chakula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Joseph Nunes na Xavier Drèze waliwapa wateja 300 wa mahali pa kuoshea magari kadi za stempu. Nusu walipewa kadi yenye nafasi 8 tupu. Nusu nyingine walipewa kadi ya nafasi 10, mbili zikiwa zimeshapigwa muhuri. Safari zilizobaki ni zile zile nane kwa wote. Kundi la kwanza, asilimia 19 walijaza kadi, la pili asilimia 34. Kwa hiyo ukijiunga na kadi yoyote ukaambiwa eti "tumeshakuanzishia na pointi 200," ujue hiyo ni ile mihuri miwili.

Hata hivyo mazoea ya mteja ni sehemu ndogo ya anacholipa. Duka la dawa linajua vitu ambavyo duka la viatu halivijui. Mwaka 2005 kikundi cha watetezi wa faragha Marekani kilionyesha kwamba kwenye tovuti ya CVS, ukiwa na namba ya kadi ya mtu, namba ya posta ya anakoishi na herufi tatu za kwanza za jina lake la ukoo, ungeweza kuagiza utumiwe orodha ya baadhi ya manunuzi yake ya kiafya. Kondomu na vipimo vya mimba vilikuwa miongoni mwa mifano yao. Kampuni ilikizima kipengele hicho. Mwaka 2013 gazeti la Los Angeles Times likaandika kuhusu mpango wa CVS wa kuwapa wateja dola 5 za dukani kwa kila dawa 10 za cheti, mwisho dola 50 kwa mwaka. Ili kujiunga ulitakiwa kusaini kwamba unaachia sehemu ya ulinzi wa siri za afya yako unaopewa na sheria ya 1996. Hapa angalau bei ilitajwa wazi: dola 50. Uamuzi wa kama inatosha ni wako, lakini siyo wengi wanaosoma karatasi hiyo kabla ya kusaini.

Kuna jambo jingine ambalo wawindaji wa bei huko hulijua kwa sababu huligonga ukutani: pointi za dawa za cheti mara nyingi hazitolewi kwa mtu anayelipiwa na bima ya serikali, ile ya wazee au ya maskini. Inaonekana kama uonevu, na chanzo ni sheria inayokataza kumhonga mgonjwa ahamishe biashara inayolipiwa na umma. Mwaka 2012 Walgreens walilipa dola milioni 7.9 kumaliza madai kwamba waliwapa wagonjwa hao kadi za zawadi ili wahamishie dawa zao kwao. Mbali na fedha za walipa kodi, kuna sababu ya kitabibu. Mgonjwa anayehamahama kufuata kadi ya dola 25 anaacha dawa za presha duka hili, za kisukari lile, na hakuna mfamasia hata mmoja anayeona orodha nzima na kusema, "Mama, hizi mbili hazinywewi pamoja."

Kisha kuponi ikarudi kwenye dawa zenyewe. Novemba 2011 hakimiliki ya Lipitor, dawa maarufu ya lehemu ya kampuni ya Pfizer, iliisha Marekani, na dawa mbadala ya bei nafuu ikaingia sokoni. Pfizer ikatoa kadi: lipa dola 4 tu, sisi tunamalizia mchango wako. Mgonjwa kafurahi. Lakini mchango wa mgonjwa ni sehemu ndogo ya bei. Iliyobaki, ile kubwa, inalipwa na bima, na bima inachangiwa na wote. Bima ndiyo iliyokuwa imeweka mchango mkubwa kwenye dawa ya jina ili watu wachague ile mbadala. Kadi ya dola 4 ililiondoa kizuizi hicho.

Wachumi Leemore Dafny, Christopher Ody na Matt Schmitt walipata njia nzuri ya kulipima. Massachusetts ilikataza kadi za namna hii mpaka 2012, jirani yake New Hampshire iliruhusu. Wakalinganisha mauzo ya dawa 23 zilizokuwa na mbadala wa kemikali ile ile. Kuponi iliongeza mauzo ya dawa ya jina kwa zaidi ya asilimia 60, karibu yote kwa kuipokonya ile ya bei nafuu. Hapa anayelipia punguzo lako ni mwenzako mliye naye kwenye bima, na wewe mwenyewe mchango wa bima ukipanda mwakani.

Kwa asiye na bima hesabu ni tofauti kabisa, na tusimlaumu. GoodRx, kampuni iliyoanzishwa 2011, inamwonyesha bei ya dawa yake katika maduka ya karibu na kumpa kuponi inayotumia bei zilizokwisha kujadiliwa na madalali wa bima ya dawa. Kwa mtu anayelipa mwenyewe, tofauti kati ya kuonyesha kuponi na kutoonyesha inaweza kuwa tofauti kati ya kumeza dozi nzima na kumeza nusu. Ni Virginia ile ile ya 1976, sasa kwenye simu. Februari 2023 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ikatangaza kwamba GoodRx ilikuwa ikipeleka taarifa za dawa na magonjwa ya watumiaji wake kwa Facebook, Google na wengine, baada ya kuwaahidi kwamba haitafanya hivyo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 bila kukiri kosa.

Kwa wasomaji wetu wa nyumbani: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Famasi ikikuomba namba ya simu kwa ajili ya pointi, una haki ya kuuliza inaenda wapi.

Lakini data hiyo hiyo ina upande mwingine. Katika Imperial College London, James Flanagan na wenzake waliwauliza wanawake 273 kama wako tayari kuwapa rekodi za kadi zao za pointi za maduka. Kati yao 153 walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya ovari, 120 hawakuwa nayo. Saratani hii ni ngumu kwa sababu dalili zake za mwanzo zinafanana na shida za kawaida: tumbo kujaa, maumivu, kiungulia. Mtu haendi hospitali kwa hayo. Anakwenda duka la dawa. Matokeo yalitoka Januari 2023: wanawake waliokuja kugundulika na saratani walianza kununua dawa za maumivu na za tumbo zaidi ya wenzao takriban miezi minane kabla ya kugundulika. Walipoulizwa wenyewe, kwa wastani walisema walianza kuzitambua dalili miezi minne na nusu kabla. Risiti zilitangulia kuona. Na kila mmoja wa hao 273 alikuwa amesaini, akijua anasaini nini, kabla duka halijatoa rekodi yake.